Nilitaka kununua eneo la jirani lenye maji, nikaishia kuanzisha rashi ya dhahabu

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona nimeruka herufi mnivumilie. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na shoga wala binamu. Anayedhani ni chai, yaani natunga, aje Isaka, aulize mama lishe mwenye mdomo karibu na wanakopaki malori. Ataletwa kwangu moja kwa moja, na wali maharage atakula.

Niingie kwenye mada.

Nina shamba kijijini, ndani ndani huko ukitokea Kagongwa. Sio kubwa. Aliliacha marehemu baba, na mama yangu anaishi hapo mpaka leo na mbuzi wake, kuku wake na ubishi wake. Nimembembeleza ahamie Isaka mpaka nimechoka. Anasema Isaka watu wanalala na honi.

Lile shamba lina shida moja tu, halina maji. Mahindi yanakubali, viazi vitamu ndio usiseme, michembe tunaanika mpaka tunagawa. Maji hakuna.

Maji yako kwa jirani yetu, Mzee Maganga.

Eneo lake linaanzia kwenye mpaka wetu wa minyaa, linashuka mpaka bondeni, na kule chini kuna chemchemi ndogo. Kiangazi kikikolea na kila kitu kikawa rangi ya gunia, pale majani yanabaki kijani. Mama anachota pale kwa kata tangu mimi sijaolewa. Hajawahi kuzuiwa hata siku moja. Anapenya kwenye minyaa, anachota, wanasalimiana na mzee, anarudi kupika.

Sasa Mzee Maganga miguu imeanza kumsumbua, na binti yake aliyeko Tabora anataka ahamie kwake. Akaamua kuuza. Na kwa taratibu zetu, mtu akiuza ardhi anaanza na jirani. Akafunga safari mpaka Isaka, bandani kwangu ninapouza chakula, nikampa chai na chapati, akala taratibu kama hana neno. Alipomaliza ndio akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, nimeanzia kwako. Nikimuuzia mtu wa mbali akaweka uzio, mama yako atachota wapi?"

Wakuu, muone hapo. Mtu anauza mali yake, lakini anafikiria ndoo ya mama yangu.

Na bei ilikuwa ya kibinadamu. Mimi na mume wangu, Baba Doto, tulikuwa nayo, tena bila kukopa kwa mtu. Kilichobaki ni kwenda serikali ya kijiji, kuita majirani mashahidi, kuonyeshana mipaka na kuandikishana.

Mtaniuliza, sasa kwa nini hukununua siku hiyo hiyo?

Kwa sababu niliolewa na mtu anayesoma mambo kwenye simu.

Baba Doto ni fundi wa matairi hapa hapa Isaka, mume mzuri, simlaumu kwa lingine. Lakini alisikia mahali kwamba usinunue eneo kwa ajili ya maji kabla hujathibitisha maji. Chemchemi inaweza kuwa mvua ya mwaka jana inajichuja tu, ukichimba kisima unakuta mwamba. "Tupime kwanza," akasema. Nami nikaona ni akili.

Nilimuuliza mama. Akasema, "Maji yapo."

Lakini jamani, mama yangu ndiye huyo huyo ambaye upepo uling'oa nusu ya paa lake, nikampigia simu akasema nyumba ni nzima. Neno lake kwenye mambo ya majengo na miundombinu huwa nalipunguza.

Basi nikamwomba Mzee Maganga ruhusa ya kuchimba shimo moja la majaribio pale bondeni. Akacheka. "Chimba tu, ng'wanawane. Maji yapo gete." Yaani mwanangu, yapo kweli kabisa.

Watu wawili wanakunywa maji yale miaka yote wananiambia yapo. Mimi naenda kutafuta fundi.

Hapa wageni wa kanda yetu nisikilizeni vizuri, maana ndipo nilipojimaliza.

Huku kwetu, kuanzia Kahama mpaka Geita huko, fundi wa kuchimba kisima ni nani? Ni mchimbaji wa dhahabu ambaye duara lake, yaani shimo lake la madini, limegoma. Akikosa mawe ya dhahabu anachimba choo, anachimba kisima, anachimba chochote, ilimradi ardhi inafunguka. Mimi nilimpata Masele wa Kagongwa. Kijana mwenye adabu, ananiamkia vizuri, bei nzuri, mkono hauchoki. Nikamwambia chimba hapa jirani na chemchemi, ukifika kwenye maji simama.

Nikapanda kwa mama kumpikia ugali.

Kurudi na sahani, namkuta Masele, maji hajayafikia bado, amechuchumaa pembeni ya shimo, ameshika karai, ameweka kifusi na maji kidogo, anakizungusha taratibu huku ameinamisha kichwa. Anapima dhahabu, wakuu! Kwenye kisima changu!

"Masele, unafanya nini?"

"Hamna, mama. Mkono umezoea tu."

Na kweli sio kosa lake sana. Mchimbaji hawezi kutupa kifusi bila kukiosha. Hata umwite akuchimbie kaburi, atapima.

Shida ni kwamba kulikuwa na jamaa wa mkaa, amesimamisha baiskeli juu pale njiani, anatazama. Akapaza sauti, "Fundi, vipi hapo, kuna kitu?"

Masele akamjibu ukweli mtupu. "Hamna kitu."

Wakuu, kama kuna neno la hatari kwenye ukanda huu wa dhahabu, ni hilo. Mchimbaji akisema kuna kitu, watu wanamcheka, wanajua anatafuta mtu wa kumpiga pesa. Akisema hamna kitu, wanakwenda nyumbani kuchukua sururu. Maana aliyeona dhahabu kweli atakuambiaje?

Yule wa mkaa aliondoka na baiskeli yake, nadhani alimwambia kila mtu aliyekutana naye.

Kesho yake asubuhi mama akanipigia simu. "Kuna watu bondeni."

"Watu gani?"

"Wanasema wanakutafuta wewe. Wanasema wewe ndiye mwenye duara."

Nikafunga banda, nikapanda bodaboda, roho iko juu. Nakuta watu wamejaa, wengine wameshagawana maeneo kwa kamba. Nikasimama kwenye kichuguu nikawaambia kwa nguvu zangu zote, hapa hakuna dhahabu, nilikuwa natafuta maji ya mama yangu. Walinisikiliza vizuri sana, kwa heshima. Halafu mmoja akamwambia mwenzake, "Umeona? Mpaka amefunga biashara Isaka kuja kukataa."

Nikasema ngoja niende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akawaambia wananchi waache uzushi, eneo lile halina madini. Alisema vizuri, na mimi nikaanza kupoa. Halafu nikamtazama miguuni. Viatu vyake vilikuwa na udongo mweusi wa bondeni mpaka kwenye kamba.

Hapo nilijua nimekwisha.

Lakini kilichoniuma sio umati. Kilichoniuma ni Mzee Maganga. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akachelewa kuitikia. Mzee yule yule aliyekunywa chai yangu.

"Marahaba," akasema baadaye. "Mayu, hebu niambie. Ulikuwa unalitakia nini eneo langu?"

Nikamwambia, baba, maji. Unajua ni maji. Mama anachota pale.

"Mama yako anachota bure," akasema. "Mtu hanunui kitu anachopewa bure."

Jamani! Nimefikiria jibu mpaka leo, na bado sijalipata.

Akaniambia nisubiri kwanza. Baadaye nikasikia bei imepanda, imepanda mpaka mtu wa mjini mwenye maghorofa angekaa chini. Na sio kwamba mzee ni mbaya. Wewe ungefanyaje, umezaliwa maskini, umezeeka maskini, halafu watu kwa mamia wanakuambia umekalia dhahabu?

Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, ikashika moto. Likaletwa karasha la kusaga mawe, linanguruma mchana kutwa, kuku wa mama wakagoma kutaga. Wakaja wauza vocha, wauza viroba, mganga mmoja mwenye kitambaa chekundu. Na mnielewe hasira zangu: mwenzangu wa Isaka, mama lishe wa banda la pili kutoka langu, akafunga virago akaja kufungua kibanda cha chai kwenye mpaka wa shamba la mama yangu! Nilipomuuliza akasema, "Shoga, si wewe ndiye uliyefungua soko?"

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nadhani wahenga walipita Kahama.

Sasa, maduara yalipokwenda chini, yakakutana na nini? Maji! Maji mengi, maji safi, maji yale niliyokuwa nayatafuta. Na mchimbaji wa dhahabu hakuna kitu anachokichukia kama maji. Wakaleta pampu. Wakawa wanayavuta usiku na mchana, wanayamwaga bondeni huko yaende zake, ili washuke zaidi. Nilikuwa nasimama juu kwenye minyaa natazama maji ya mama yanavyotupwa kama maji ya kuoshea vyombo. Nililia, sifichi.

Walikata tamaa wenyewe. Wakaosha, wakaosha, hawakupata hata cha kununulia dizeli ya pampu. Ikasikika habari ya rashi nyingine upande wa Geita, umati wote ukahama. Mwenzangu na birika lake naye akaondoka nao.

Wakaacha mashimo.

Na chemchemi ikakauka. Pale palipokuwa na majani ya kijani kila kiangazi, sasa pana matope yaliyopasuka na pakiti tupu za viroba. Mama anakwenda bomba la kijiji, ni mwendo, na kuna foleni, na kurudi ni kupanda. Anaondoka alfajiri. Hajalalamika kwangu hata mara moja, na ndiyo sababu mimi nalalamika hapa kwenu.

Ngojeni, hatujamaliza. Juzi Mzee Maganga amekuja tena bandani. Amekonda. Ameomba radhi kwa namna ya wazee, yaani hakusema samahani, ila alisema chai ya leo ni tamu kuliko ile ya siku ile. Nikaelewa, nikamwongeza chapati.

Akasema eneo bado lipo, naye anarudi kwenye bei ya mwanzo.

Nikamwambia, baba, bei ya mwanzo ilikuwa ya eneo lenye maji. Sasa lina mashimo. Punguza.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Nipunguze? Mayu, wewe si ulitaka kuchimba? Sasa limeshachimbwa!"

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nilicheka nikiwa nimekasirika, sijui kama mnaielewa hiyo hali.

Kwa hiyo wakuu, nipo njia panda. Baba Doto hataki tena, anasema tumenusurika. Fundi mmoja wa visima, ambaye safari hii nimehakikisha hajawahi kushika karai maishani mwake, anasema yale mashimo yakifukiwa vizuri na mvua zikinyesha misimu kadhaa, maji yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi. Asante kwa msaada. Nisiponunua, mwingine atanunua, ataweka uzio, na hata kama maji yakirudi mama atayaona kwa macho tu. Nikinunua, nimenunua mashimo.

Moyo wangu unasema ninunue. Angalau mashimo yawe ya kwetu, tuyafukie wenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Kama jirani anakuuzia kwa roho safi, na mtu wako mwenyewe amekunywa maji ya pale miaka yote, hicho ndicho kipimo. Andikishaneni kwanza, mchimbe baadaye, tena mkishachimba huku kwetu mfukie kifusi upesi kabla hakijatazamwa. Mimi nilitaka uhakika zaidi ya uhakika niliokuwa nao, na uhakika huo umeninyima kile nilichokuwa nakithibitisha.

Waliowahi kununua eneo lililochimbwa, maji yalirudi? Mlifukia na nini? Msinionee haya, nipeni ukweli, matusi pia nayapokea.

Jana nilikwenda kumuuliza mama ninunue au nisinunue. Alikuwa ndio anatua ndoo, ametoka bombani. Akajifuta jasho, akasema hilo ni langu na mume wangu, yeye hana neno. Ila ana ombi moja.

Nikamwambia, sema mama, chochote.

"Usiniletee fundi mwingine."