Si Mtani Wangu

Siku ya harusi yangu, rafiki yangu alimnyang'anya mume wangu sahani ya pilau, akakaa chini na gauni lake la kushona, akala kwa mkono mbele ya ukumbi mzima.

"Mtumwa hali kabla ya bwana wake," alisema, mdomo umejaa.

Mume wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekauka kama suti yake, alichangamka ghafla. "Mwacheni ale. Mgogo hata umvishe hariri, mkono wake unabaki umekunjwa kuomba."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama yangu, Mpare aliyezoea harusi zenye adabu, aliniinamia akaniuliza kama wanagombana.

"Hapana, mama. Ni watani."

Rafiki yangu ni Mgogo wa Buigiri. Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Mababu wa huyu walipita na misafara na mizigo kichwani, mababu wa yule walikuwa wenye maji na njia. Wakasumbuana vya kutosha, mwishowe wakaona kutukanana kunachosha kidogo kuliko kuuana. Wajukuu wakarithi matusi. Mtumwa wangu. Ombaomba. Mla mlenda. Mtu mwingine angeyasema, pangechimbika. Wao walipeana kama peremende, kwa sharti moja tu: haruhusiwi mtu kukasirika.

Mimi sikuwa na urithi huo. Kama Wapare na Wanyamwezi waliwahi kutaniana, wazee wetu walisahau kutuambia. Kwa mume wangu nilikuwa mke, na neno la mke halina pa kutokea; likishasemwa linakaa pale pale sebuleni, kama kochi. Wenzangu wanaoandika hadithi huniambia ndoa ni mapenzi, au ni uvumilivu, kutegemea wameolewa au bado. Mimi nimeona ni suala la nani ameruhusiwa kumwambia nani nini. Jioni nyingi nilisimama jikoni nikawasikiliza wale wawili wakichanana barazani, nikaona wivu. Sikumwonea yeye kama mwanamke. Niliuonea wivu mdomo wake.

Tulikuwa tukitembea watatu. Tangu Dodoma ifurike watu wa ofisi, sote tumejifunza kupumzika. Zamani Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Siku hizi mtu anaingia kwenye gari, anakwenda kula nyama mahali penye vumbi kama la kwao, anaipiga picha ile nyama, anarudi amechoka, anasema amepumzika. Rafiki yangu, mwalimu wa sekondari asiye na mume wala haraka ya kumpata, alikaa kiti cha nyuma katikati, kichwa chake kikiwa baina ya vichwa vyetu. Bila yeye safari zetu zilikuwa kimya. Mume wangu alijua hivyo, ndiyo maana kila Ijumaa aliniuliza, "Mtani anakuja?" kabla hajaniuliza kama mimi nakuja.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa ya Mpwapwa. Rafiki wa mume wangu wa tangu shuleni anafanya kazi ya mifugo huko, akatualika chakula cha mchana. Kabla sijaisimulia lazima niseme tulichokuwa tumebeba kwenye gari ile, mimi na mume wangu, ambacho aliyekaa nyuma hakukijua.

Tulikuwa hatujapata mtoto. Miezi michache nyuma tulikwenda hospitali, na daktari, mama mmoja aliyechoka, alitueleza bila kuzunguka: kwangu hakukuwa na tatizo. Kwa mume wangu lilikuwepo, na halikuwa la kutibika. Tulipofika kwenye gari, mume wangu alinishika mkono. "Hili libaki letu," alisema. Nilikubali. Nilimpenda, na uso wake siku ile ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

Sikujua kwamba libaki letu maana yake libaki langu. Mama yake alianza kutuma mizizi kwa basi kutoka Tabora, imefungwa kwenye gazeti, kisha kunipigia simu: "Kunywa, mwanangu, usione haya. Tasa si wewe wa kwanza." Niliichemsha. Nilikunywa. Ilikuwa chungu mpaka masikioni. Mume wangu alinitazama nikinywa. Kuna siku nilitapika, akanishikia kikombe mpaka nilipomaliza kutapika, kisha akanirudishia.

Haya. Tulitoka asubuhi, tukapita Buigiri, rafiki yangu akalipungia kaburi la baba yake kwa mbali kama alivyozoea, Mbande tukaacha lami kuu tukashika njia ya Kongwa. Mbele kidogo tulikuta ng'ombe wawili wamefungwa nira, wanavuta mkokoteni wa mapipa ya maji katikati ya barabara.

Rafiki yangu alishusha kioo. "Mtumwa wangu, punguza mwendo. Wasalimie kaka zako."

"Kaka zangu wapi?"

"Hao. Maksai. Shingo nene, ngozi safi, kazi wanafanya, watu wanawasifu. Bomani hakuna ndama."

Hakujua. Naapa hakujua, alikuwa ametupa jiwe gizani kama watani wanavyotupa. Mume wangu alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Mla mlenda, nitakushusha hapa ukaombe lifti."

"Nishushe! Nitapata gari yenye dume."

Akacheka tena. Kinywa chake kilicheka, macho yalitoa machozi, mkono wake kwenye gia ulikuwa umekaza kama anayezuia mlango. Niliutazama mkono ule hadi Kongwa. Nikawaza: kumbe anaweza kuambiwa. Kumbe neno hili linapita kooni mwake na hafi. Ila si kutoka kwangu.

Tulipofika Mpwapwa, mwenyeji alituzungusha kwanza kwenye mazizi, akatuonyesha madume ya mbegu, yaliyonona, yenye dharau machoni, na upande wa pili maksai waliohasiwa kwa ajili ya jembe. Alieleza kwa upole jinsi dume linavyopimwa, na lisilozalisha linavyotolewa kundini. Mume wangu aliuliza maswali mengi kuhusu malisho.

Chakula kilikuwa kizuri. Ugali, mbuzi wa kuchoma, mboga za majani, zabibu kwenye bakuli. Mke wa mwenyeji alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono mikubwa na roho safi. Akipakua, akauliza lile swali ambalo watu wenye roho safi hawakosi kuliuliza.

"Na nyie wageni, watoto mmemwachia nani?"

Nilingoja. Ilikuwa zamu yake mume wangu. Angeweza kusema bado, angeweza kusema Mungu hajajalia, angeweza kunyamaza na kutafuna. Aliweka mkono begani mwangu, mbele yao wote.

"Tunamwombea huyu," alisema. "Mungu atamfungua."

"Amina," alisema mama mwenyeji, akanishika kiganja. "Usikate tamaa, mdogo wangu. Hata mimi nilichelewa."

Mume wangu aliondoa mkono begani mwangu akaupeleka kwenye nyama. Akachagua ubavu. Akaung'ata.

Nilisema kwa sauti ya rafiki yangu. Nilikuwa nimeisikiliza kwa muda wa kutosha, ile ya kuvuta maneno puani na kuinua mwisho wa sentensi, na niliipata vizuri kuliko nilivyotegemea.

"Mwongezeeni nyama maksai wangu. Kazi anafanya, watu wanamsifu. Bomani hakuna ndama."

Rafiki yangu alicheka wa kwanza, kwa mazoea. Mwenyeji naye akacheka. Kicheko kikazunguka meza kikimtafuta mume wangu, hakikumpata, kikasimama.

"Wewe si mtani wangu," mume wangu alisema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesahihisha jina lake.

Angecheka, neno lingekwenda na mifupa. Asubuhi ile alikuwa amelicheka lile lile, kwa vituo vyake vile vile. Hakuna aliyemshitaki mezani. Kosa langu mimi lilikuwa utani usio na kibali, basi, na mke asiyejua mzaha si jambo geni. Ni yeye aliyekiri kwa kutokucheka. Na rafiki yangu ni mwalimu, kazi yake ni kusoma nyuso za watu wanaoficha. Nililiona likimwingia. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akakitazama kiganja changu kilichokuwa bado mkononi mwa mama mwenyeji, akarudi kwa mume wangu. Kisha alichukua birika na beseni, akapiga goti kidogo mbele yake, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

"Shemeji," alisema, "nawa mikono."

Shemeji. Tangu harusi hakuwahi kumwita hivyo. Mume wangu alinyoosha mikono, maji yakamiminwa, na mafuta ya mbuzi hayakutoka.

Sikujuta, na sitaki kudanganya hapa kwamba nilijuta. Nilikula zabibu. Zilikuwa tamu.

Wiki zilizofuata nilijifunza kwamba adabu inaweza kumchuna mtu ngozi. Rafiki yangu aliendelea kuja nyumbani, na mume wangu aliendelea kumngoja mlangoni.

"Ombaomba, karibu! Leo umetumwa bakuli gani?"

"Asante, shemeji. Habari za kazi?"

"Kazi? Mtumwa ana kazi? Nitukane basi."

"Ah, shemeji. Tumekuwa watu wazima."

Mume wangu alianza kutukana peke yake, matusi mawili mawili, akiacha nafasi katikati ambapo jibu lingekaa. Rafiki yangu alitabasamu kwa upole. Aliuliza afya yake. Kuna siku alimletea maziwa mgando kwenye kibuyu, kutoka kwa mama yake, "yanatia nguvu." Mume wangu aliyapokea kwa mikono miwili. Asubuhi niliyakuta yamemwagwa kwenye maua.

Jikoni rafiki yangu alinishika kwa hasira. "Kwa nini hukuniambia? Nimemwita maneno gani yule mtu!"

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningenyamaza."

"Si ndicho unachofanya?"

"Namwonea huruma."

"Anajua. Ndiyo inayommaliza."

Alinitazama kama anayesoma insha iliyoandikwa na mtu mwingine. "Na ile mizizi ulikunywa?"

"Yote."

Akachukua mkoba wake. Baada ya hapo akaja mara chache, kisha akawa mtu wa kutuma salamu. Kwa hiyo nilimpoteza naye, na kwa sababu ya ajabu: alikuwa upande wangu, ila hakuweza kukaa chumba kimoja na ushindi wangu.

Kiangazi kile mama wa rafiki yangu alifariki. Nilipomwambia mume wangu alisimama papo hapo, na naona aibu kusema uso wake uling'aa. Msiba ni ofisi ya mtani. Hapo kazi yake haina mjadala: kulala njiani, kudai, kumwigiza marehemu, kuwachekesha wanaolia mpaka wakumbuke kula. Hata mwenye kinyongo hamzuii. Alitafuta koti kuukuu, akaligeuza nje ndani. Akabeba kata iliyopasuka.

Tulifika Buigiri jua likiwa kali, uwanja umejaa. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja akajitupa kwenye vumbi mbele ya mlango wa marehemu.

"Hapiti mtu! Huyu mama alikuwa mtumwa wangu, nani kamruhusu kuondoka? Mlenda wangu anapika nani?"

Alikuwa hodari. Lazima nimpe haki hiyo. Wanawake waliokuwa wakilia waliinua vichwa, bibi mmoja akachukua mwiko, akaja anacheka na machozi yake, "Toka hapa, Mnyamwezi mwizi, umekuja kuiba maiti!" Mwingine akammwagia maji. Mume wangu alijigaragaza, amelowa tope, na sikuwahi kumwona na raha kama ile, hata usiku wa harusi.

Rafiki yangu alitoka, uso umevimba. Uwanja ukangoja, maana tusi la mfiwa ndilo linalofunga mchezo.

"Mtani!" mume wangu aliita kutoka chini. "Nipige!"

Rafiki yangu aliinama. Akamfuta tope begani na ncha ya khanga yake.

"Inuka, shemeji. Utaugua." Akawageukia wale mabibi, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Mwacheni, mama zangu. Shemeji yangu ana yake."

Bibi alishusha mwiko. Mume wangu aliinuka, akaligeuza koti likawa koti, akaenda kukaa na wanaume wengine kwenye viti vya kukodi, katikati ya watu wasio watani wa mtu yeyote.

Kurudi niliendesha mimi. Tope lilikuwa limemkaukia shingoni. Tulipoanza kuona mashamba ya mizabibu alizungumza bila kugeuka.

"Niite."

"Nikuite nini?"

"Kama Mpwapwa. Kwa sauti yake."

Nilimtazama. Hakuwa anatania wala hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeomba kukunwa mgongo mahali asipofikia.

"Maksai," nilisema, puani, nikainua mwisho.

Alifungua kinywa. Alikiacha wazi, mabega yakatikisika, akisubiri kicheko kije kimkute tayari. Hakikuja.

"Hukusema vizuri," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Nilirudia mpaka taa za kwanza za barabarani za mjini, kila mara bora kidogo kuliko ya kwanza, naye kila mara akifungua kinywa. Tulipozima gari nyumbani sauti ile ilikuwa imenikaa kabisa, na sikuwa na uhakika kama nitaweza kuiacha.