Ufunguo wa Shingoni

Tunamwita Bawabu, na jina hilo hakulipata bure. Utotoni alililinda kopo la sukari hadi mama yake mzazi akawa anapiga hodi kabla ya kulifungua. Leo ni mtu mzima, kipara kinamnyemelea, na kazi ni ileile, ila sukari imegeuka programu.

Anafungasha programu ya VPN, ile inayochimba njia ya siri kutoka kompyuta ya nyumbani hadi ofisini, ili mtu asakinishe tu na kuitumia. Mwaka huu akaona haitoshi. Akaiandikia profaili, yaani orodha ya mafaili ambayo programu inaruhusiwa kuyagusa. Kisichoandikwa hakiguswi, hata mwenye kompyuta abembeleze vipi.

"Ukicheka na nyani utavuna mabua," alituambia, kifua mbele.

Profaili huanzia katika hali ya kulalamika: inanung'unika na kuandika kila faili lisiloruhusiwa linapoguswa, lakini haizuii. Bawabu aliisikiliza wiki nzima kwenye kompyuta yake, akaongeza mstari hapa, mstari pale, mpaka ikanyamaza. Hapo akaitia katika hali ya kuzuia, na wa kwanza kupelekewa, kwa mapenzi, akawa dada yake.

Dada ni mfasiri wa mahakama, mwezi wa pili kazini, bado anapimwa. Siku hiyo tafsiri yake ilitakiwa ifike mahakamani, kwa njia hiyo ya siri, kabla ya saa sita mchana. Saa tano na nusu simu ya Bawabu ikalia.

"Wewe bwana mdogo, kitu chako kimenifungia nje!"

"Haiwezekani, dada. Nimekijaribu."

"Umekijaribu na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana! Kinasema kimekatazwa kusoma ufunguo."

Ufunguo ni lile faili la siri la kumtambulisha.

"Umeuweka wapi?"

"Shingoni."

"Shingoni?"

"Kwenye flashi, nimeitia uzi pamoja na funguo za nyumba. Si wewe uliyesema nisiuache ovyo?"

Bawabu akashika kipara. Ni kweli alisema. Na profaili yake iliijua folda moja tu, ile aliyoizoea yeye.

"Basi naking'oa chote hiki kitu chako!"

"Usiking'oe, dada yangu! Turudishe ile hali ya kulalamika tu."

Akamsomea amri herufi kwa herufi.

"Hapo nukta?"

"Kistari, dada. Kistari!"

Saa sita kasoro dakika nane, tafsiri ikafika.

"Ehee," dada akashusha pumzi. "Sasa kinanung'unika lakini kinanipitisha. Ungekuwa hivyo enzi za sukari, tungekupenda mapema."

Jioni Bawabu aliongeza mstari wa flashi. Tangu hapo kila toleo jipya hulalamika kwanza siku tatu mezani kwa dada, naye Bawabu amekaa kando na daftari. Chai huletwa. Kopo la sukari dada huliweka upande wake, na Bawabu, kila kijiko, sharti apige hodi.