Majani Yangu Ndani ya Msingi wa Baba Mdogo

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, ikichanganyika na samadi na moshi wa jikoni, ndiyo harufu ya utoto wangu. Kwetu Mwika ng'ombe hatembei kutafuta malisho. Anakaa bandani nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, na chakula chake kinapandishwa mlimani kutoka tambarare vichwani mwa akina mama na mabinti. Kiangazi kikikaza hata huko chini hubaki vumbi, na ng'ombe hulia usiku kucha kama mtu anayedai haki yake.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la tano. Ng'ombe wetu hakuwa wetu. Alikuwa wa baba mdogo Elinami, aliyekaa mjini Moshi. Sisi tulimtunza, tukapata maziwa na samadi, lakini ndama walikuwa wake. Krismasi ile ukoo mzima ulirudi mlimani kama kawaida, mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, na watu wakaanza kutangaza mipango yao ya mwaka mpya. Baba mdogo, kama kila mwaka, alitangaza kwamba mwakani anapandisha ghorofa kwenye ule msingi wake wa mawe kando ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Wakampigia makofi. Kisha akasema kuwa ndama jike aliyekuwa bandani atapelekwa mnadani, maana kiangazi kitammaliza.

Nikasimama. "Asiuzwe. Nitamlisha mimi."

Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. "Wewe, Aikaeli? Na hiyo shingo ya kuku?" Baba mdogo akajifuta machozi. "Haya, wote mmesikia. Nikija Pasaka nikamkuta amenona, ni wako. Nikiona mbavu, namchukua."

Kesho yake nilishuka tambarare na kufunga mzigo mkubwa kama wa mama, ili waliocheka wanione nikipita. Waliniona kweli. Nilipofika nyumbani shingo haikugeuka, nikalala siku kadhaa nikimsikiliza ndama akilia. Mama alinikanda kwa maji ya moto, kisha akaniuliza, "Unawabebea hao wanaocheka, au unambebea ndama?"

Nilipopona nilibeba mzigo mdogo, ambao kesho yake ningeweza kuubeba tena. Wasichana wenzangu waliuita kiota cha ndege. Nikawaacha waite. Jioni nilimkatia ndama vigogo vya mgomba, kisha nikapanda vipando vya majani ya tembo kwenye ukingo wa mfereji wetu, mahali ambapo hakuna aliyepataka kwa sababu ya mteremko. Zamu yetu ya maji ilikuwa alfajiri. Niliamka kwenye baridi ile ya mlimani, nikafungulia maji, nikatupia samadi, nikaenda shule na matope kwenye kucha. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya hizo kucha. Kesho yake nilikwenda nazo tena.

Pasaka ilipofika, majani yalikuwa yamenipita kimo. Baba mdogo aliingia bandani na suti yake ya kanisani, akapapasa mbavu za ndama asizipate. "Mmempa nini huyu?"

"Muulize mwenyewe," baba alisema.

Aliniangalia, akamgeukia baba. "Kaka, huyu ni mtoto wa kike. Ataolewa. Ng'ombe ataenda wapi?"

"Baba mdogo," nilisema, nikiwa nimeshika kamba ya ndama kwa mikono miwili, "ulisema mbele ya watu wote."

Baba alikohoa kidogo. "Ni kweli, Elinami. Ulisema."

Kamba ile sikuiachia. Maziwa ya ng'ombe yule na ya watoto wake yalinisomesha mpaka nikapata stashahada ya mifugo, nikafanya kazi Dodoma, kisha nikarudi Mwika kwa hiari yangu na kununua shamba kwa jina langu. Wanaosema majivuno ni dhambi waje kwanza waone banda langu. Siku hizi watu hutangaza malengo kwenye simu, kwa picha na maua, na bado makofi ni mengi. Mimi sitangazi. Naamka alfajiri kufungulia maji.

Baba mdogo amestaafu. Msingi wake uko palepale, bila tofali hata moja juu yake, na majani yangu ya tembo yamevuka mfereji yakaujaza. Wiki iliyopita alinikuta humo nina panga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kata tu, mwanangu. Ila uwahi, mwakani napandisha ghorofa."

"Sawa, baba," nilimjibu, nikaendelea kukata sebuleni kwake.