Tafsiri Yangu ya Msamaha wa Serikali

Baba alizaliwa Kasai, akaja Likasi, mji wa Katanga, akiwa kijana, akawa mvunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Katanga ilipojitenga na nchi, kuzaliwa Kasai kukawa kosa. Asubuhi moja watu wenye bunduki walimtoa mezani, uji wake ukiwa bado wa moto. Jirani ndiye aliyewaonyesha mlango wetu. Baba hakurudi. Nyumba akapewa mtu mwingine, nasi tukahamia chumba cha nyuma ya misheni.

Kujitenga kulipokuwa kunafikia mwisho, bwana mmoja wa serikali ya Katanga alikuja na karatasi. Wajane walikusanywa uwanja wa shule. Kwa kuwa bwana huyo alisoma Kifaransa kitupu, mtawa aliyenifundisha lugha hiyo alinisukuma mbele nitafsiri. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Serikali inasikitika kwa mambo yaliyotokea," nikasema. "Inawaomba msamaha."

Watu wachache walipiga makofi. Jirani yule aliyeonyesha mlango wetu, aliyekuja kutazama, alikuwa mmoja wao.

Mama akasimama. "Yalitokea? Sawa mvula inanyesha? Umuulize ni nani alifanya. Umuulize baba yako balimuzika wapi."

Nikauliza. Yule bwana aligeuza karatasi yake, upande wa pili haukuwa na kitu. Akanijibu kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa: hakutumwa kujibu maswali, ametumwa kusoma. Kisha akatazama saa yake.

Mama alikuwa bado amesimama, ananitazama mdomoni.

"Anasema batamutafuta, mama," nikasema.

Akaketi. Tangu baba achukuliwe sikuwa nimemwona akiketi hivyo, mabega yameshuka, mikono imetulia mapajani. Nilijua nimefanya jambo baya, lakini sikuweza kulirudisha.

Jumatatu iliyofuata mama alifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya serikali kuuliza kama wamempata. Akaenda na Jumatatu ya pili, na ya tatu. Mvua zikaisha, akawa bado anakwenda. Mwishowe karani alimchoka. "Mama, hapa hakuna mutu anatafuta mutu," alimwambia. "Rudia kwako."

Alinisimulia hayo huku akivua viatu, bila hasira.

"Ule karani hajui kitu," akasema. "Weye ulimusikia mukubwa wake, si ni vile?"

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Nilimusikia."