Kiboko wa Bustani ya Mama

Nikiri mapema, kabla mtu hajaninyooshea kidole: kiboko aliyetisha mtaa wetu wa Kinindo nilikuwa mimi, na nyayo zake zilitoka kwenye sufuria ya mama ya kupikia bugali. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa niko sekondari, nina ndevu chache za kuhesabika, na nilidhani habari ile imeshaoza. Juzi rafiki yangu akapasua tunda la marakuja kwa meno kwenye madawati ya nyuma darasani, ile harufu kali yenye utamu ikanipanda puani, na miguu yangu ikaanza kucheza yenyewe chini ya dawati. Miguu yangu ina kumbukumbu nzuri kuliko kichwa. Mwalimu wangu yeyote atawathibitishia.

Tulikuwa tumepanga nyumba ndogo ya nyuma, katika kiwanja cha Madamu Goreth, mjane aliyestaafu wizarani na ambaye bado alitembea uani kwake kama anakagua ofisi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha udongo mweusi, kisha matete, kisha ziwa. Ng'ambo ya ziwa, hewa ikiwa safi asubuhi, tuliiona milima ya Uvira, upande wa Kongo, kwao mama. Tangu atoke huko tulikuwa tumehamahama Bujumbura hii mpaka mimi nikawa nazikumbuka nyumba kwa vyoo vyake. Na kila tulipofika, mama alipanda lengalenga kabla hajamaliza kufungua mizigo. Lengalenga, sereli ya kunukisha mchuzi, vitunguu vya majani, vitu vya haraka.

"Mboga ya mupangaji," alikuwa akisema, "inapaswa kukomaa mbele ya mwenye nyumba kubadilisha roho."

Sasa pale Kinindo sijui nini kilimwingia. Aliomba mbegu za marakuja kwa Madamu Goreth, akazipanda, akabakiza mche mmoja wenye nguvu. Akasimamisha nguzo mbili za mikalatusi, akalaza mti mwingine juu yake, akasuka waya katikati ili mmea upate pa kupanda. Marakuja siyo lengalenga. Inakufanya ungoje mpaka usahau unangoja nini. Mama aliiamkia kila asubuhi kabla hajaniamkia mimi. Maua yake yalipotoka yalikuwa na nywele za zambarau zilizosimama, kama mtu aliyelala vibaya, na mama akasimama akiyaangalia mpaka uji ukaungua.

Hebu nyinyi wenyewe mtazame: nguzo mbili, mti juu, waya katikati. Mtu mwenye akili ataona bustani. Mimi niliona goli.

Ilikuwa Jumamosi, watu wameshatoka kwenye kazi za jamii za asubuhi. Mama alikuwa anaenda mazoezi ya kwaya. "Mwagilia mboga, kisha ukae," aliniambia. "We mutoto, ujue kukaa."

Kumwagilia nilijua, nikamaliza. Shida ni kule kukaa. Nilikaa kwenye kizingiti, nikainuka, nikakaa kwenye ndoo, nikainuka. Mpira wangu wa mifuko ya plastiki ulikuwa unanitazama. Nikapiga penalti moja, ya heshima, taratibu. Nikapiga nyingine ya ushindi, nikashangilia nikipita katikati ya lengalenga nikiwa nimefungua mikono. Ya mwisho ilinasa kwenye waya, nami nikauvuta mpira kwa nguvu zote za mtu ambaye timu yake inaongoza. Kilichokatika kilitoa sauti ndogo sana. Shina la marakuja lilikuwa limechanika karibu na udongo, na matunda mabichi, makubwa kama mayai ya njiwa, yalikuwa bado yananing'inia juu kana kwamba hayajapata habari.

Jua la jioni likaanza kuyalegeza majani mbele ya macho yangu. Ndipo wazo likaja. Mtoto wa Kinindo hahitaji kufundishwa habari za kiboko; mara nyingine hutoka ziwani na kuja kula majani kwenye viwanja vya watu, na wakubwa wanamuogopa kuliko mwizi. Nikachukua sufuria ya bugali, nikaukandamiza udongo uliolowa kwa kitako chake, kisha mbele ya kila duara nikachapa ngumi yangu mara nne kuwa vidole. Nikamtembeza kutoka kwenye matete mpaka kwenye marakuja, nikampitisha kwenye lengalenga, nikamrudisha ziwani kwa adabu. Nisiwadanganye: mikono yangu haikuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Mama alirudi akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi. Alisimama. Nilitegemea ataikimbilia marakuja. Badala yake alinikimbilia mimi, akanipapasa kichwa, mabega, magoti, akanigeuza, akanipapasa tena. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kusema ukweli, nami nikaupita kama basi lisilo langu.

Majirani wakajaa. Baba Landry, wa nyumba ya kulia, hakuwa mtu wa kukubali habari impite.

"Mi niliisikia," alisema. "Ilikuwa inakoroma pale kwenye matete. Nikafikiri ni jenereta."

Kesho yake, baada ya misa, alikuwa ameshaona sikio lake. Jumatatu kiboko wangu alikuwa na mtoto. Watu walimweleza vizuri hivi kwamba mimi mwenyewe nikaanza kumuogopa. Giza likiingia sikutoka kwenda chooni mpaka mama anisindikize, mimi niliyemuumba.

Kisha mzaha ukageuka. Madamu Goreth alikuja na miwani yake, akazitazama nyayo bila kuinama.

"Mama Fiston, mboga zinaita kiboko. Siwezi kungojea iue mutoto wa mutu ndani ya kiwanja changu. Nitaita fundi. Tutajenga ukuta, na hapa pote tumwage simenti."

"Ndiyo, Madamu," mama akasema.

Ni hivyo tu. Mama yangu, ambaye aliweza kubishana na muuza samaki mpaka samaki aone haya, alisema ndiyo. Jioni nikamsikia akimuuliza Baba Landry kama anajua nyumba ndogo za kupanga kule Gihosha. "Kule juu kwenye mulima kiboko haipandi," alisema, kisha akaingia ndani na kulipangusa vumbi kasha letu la bati. Kasha lile nilikuwa nalijua. Likipanguswa, ujue kuna choo kipya mbele.

Wiki ile sikutulia. Darasani niliinuka bila kuulizwa, nikakaa bila kuambiwa. "Fiston, umekalia pilipili?" mwalimu akauliza, darasa zima likacheka, na mimi, mchekeshaji wao, nikainamia daftari. Nilijaribu kusali kiboko wa kweli aje, ili angalau niwe nabii badala ya mwongo. Hakuja. Viboko nao wana mambo yao.

Siku fundi alipokuja kupima kwa kamba, nilitoka shule nikamkuta mama amepiga magoti bustanini. Alikuwa anang'oa sereli pamoja na udongo wake na kuipanga kwenye makopo matupu ya rangi. Hakuharakisha wala hakukosea. Alijua kiasi gani cha udongo kinatosha safari, alijua kopo gani linabeba nini. Mikono ile ilikuwa imeshaifanya kazi ile mara nyingi. Alipofika kwenye marakuja iliyokauka, aliufungua mmea kutoka kwenye waya polepole, akauviringisha kama kamba ya nguo, akauweka kando. Hakuutupa.

"Mama," nikasema, "kiboko ni mi."

Hakuinua kichwa. "Leta ile kopo ingine."

"Mama, mi nasema kiboko ni mi. Nilicheza mpira nikakata marakuja. Ile miguu ni sufuria."

Madamu Goreth, aliyekuwa amesimama karibu na fundi, alivua miwani. "Huyu mutoto iko na malaria?"

"Ni woga," akaeleza Baba Landry, aliyekuwa amekuja kumsaidia fundi kutazama. "Woga inaingiaka mu kichwa."

Nikakimbia ndani, nikaleta sufuria. Udongo ulikuwa umekauka, ikabidi nimwage maji, na kwa haraka nusu nikayamwaga kwenye viatu vya fundi. Nikakandamiza. Ngumi, ngumi, ngumi, ngumi. Unyayo ukatoka safi, ndugu kabisa wa zile za zamani. Fundi ndiye aliyecheka wa kwanza, mpaka kamba ikamponyoka.

"Na ile sikio niliona?" Baba Landry akauliza.

"Baba Landry," Madamu Goreth akasema, "nenda nyumbani."

Alimruhusu fundi aondoke. Kisha akamwambia mama kwamba bustani ibaki, ila siku mama akimkaribisha kula, bugali isipikwe kwenye sufuria ile. Akaenda zake, na tulimsikia akicheka peke yake mpaka mlango wake ukafungwa.

Tukabaki wawili. Fimbo zilikuwepo, goli zima la mikalatusi. Miguu yangu ilitaka matete, ilitaka barabara, ilitaka popote. Mama alikaa juu ya kopo lililopinduliwa, akaviangalia vidole vyake vyenye udongo, kimoja kimoja. Nilidhani anachagua fimbo.

Kisha akasema maneno machache. Siku ile nilisikia tu kwamba sipigwi, nikaondoka mbio kabla hajafikiri upya. Ilibidi nikue, ilibidi ile harufu inifuate mpaka darasani, ndipo nikajiuliza ni lini tena kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia mama akiongea hivyo. Sikumbuki. Yeye alikuwa mtu wa leo, wa kesho asubuhi Mungu akipenda, na kasha la bati karibu na mlango. Nilidhani nilikuwa nimemkatia tunda tu. Haya ndiyo aliyoyasema, sijaongeza wala kupunguza:

"Rudisha sereli mu udongo. Kisha uende kwa Madamu, umuombe mbegu ingine ya marakuja. Tunapanda leo, mwaka kesho tutakula."