Namba Niliyoiandika Baada ya Kurekebisha

Siku ya kwanza kazini hospitalini nilifika kabla ya saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi mara mbili, na mkuu wa kitengo cha mionzi akaniuliza diploma yangu iko wapi. Sikuwa nayo. Nilikuwa fundi wa televisheni huko Kipushi, zile za zamani zenye kioo kinene nyuma, na mambo ya elektroni nilijifunza peke yangu kwa kuzifungua. Mkuu akacheka, akaniita mdogo kwa Kifaransa.

"Petit, hii haiko televisheni. Huku ukikosea, haiharibike picha. Inaharibika muntu."

Alisema kweli. Ndiyo maana hasira yangu kwake haijapoa hadi leo.

Nyinyi mnaoanza kazi ya mashine za kutibu saratani, jueni mnachokishika. Waya unapashwa moto, elektroni zinachomoka, mawimbi yanazisukuma ndani ya bomba la shaba mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga. Mwishoni sumaku kubwa inaupinda mkondo wa elektroni hizo ili ugonge kipande cha metali ngumu, na hapo ndipo miale ya kutibu inazaliwa. Mkondo ukigonga pembeni kidogo tu, upande mmoja wa mwili unapata miale mingi kuliko mwingine. Koili ndogo za sumaku ndizo usukani wa kuurudisha katikati.

Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, niliweka sahani ya vipimo chini ya mashine. Namba za kushoto na kulia zikilingana, unaandika. Zisipolingana, unazungusha kitufe cha koili, unapima tena, ndipo unaandika. Karatasi ilikuwa na safu moja tu. Kanuni iliruhusu tofauti ndogo, lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka sifuri. Tofauti ya unywele ilinitoa jasho. Kwa hiyo nilirekebisha kila siku, hata pasipo haja, nikaandika namba safi. Ile ya kabla ya kurekebisha sikuiandika popote. Mkuu aliwaonyesha wageni karatasi zangu, nami nilivimba kwa fahari. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha maji ya kupoza sumaku yakapungua. Yanatakiwa maji yasiyo na chokaa, kama yale ya betri, na yalikuwa yamechelewa kufika.

"Weka ya robinet," mkuu akasema. "Maji iko maji."

Kila mama wa Lubumbashi anajua maji ya bomba yanavyoacha chokaa nyeupe ndani ya sufuria ya chai. Nami nilijua. Niliuliza mara moja, akanikazia macho, nikamimina kwa mikono yangu. Tangu hapo kitufe kilitaka kuzungushwa zaidi kidogo kila wiki, nami nikakizungusha, na karatasi ikabaki nzuri vilevile.

Saa nane mchana alikuwa akija Mama Anyesi, muuza samaki wa Kasenga, kutibiwa shingo. Hakukosa utani.

"Fundi, electron zenu leo zimekunywa chai?"

"Zimekunywa, Mama. Na mukate."

Siku moja hakutania. Alishusha kitambaa akasema, "Mwana, huku kushoto kunaungua kushinda kulia."

Unajua nilifanya nini? Nikamletea karatasi. "Hapana, Mama. Machine iko juste, iko sawa. Angalia, ya leo asubuhi hii."

Akaitazama kwa muda. "Basi, kama karatasi inasema." Akalala mezani, nami nikawasha mashine.

Baada ya siku mbili kola ya blauzi yake haikufungika tena upande ule, kwa jinsi shingo ilivyovimba. Alipoondoka niliweka sahani, mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Mkondo ulikuwa umehama, mbali kupita kikomo. Nilipima mara tatu. Chokaa ilikuwa imebana mabomba, sumaku ikichemka kadiri siku inavyokwenda, na mimi kila asubuhi nilikuwa nikiipima ikiwa bado baridi.

Nilimwambia mkuu, nikidhani atashtuka. Akaandika barua kwa daktari wa Mama Anyesi, akanisukumia: vipimo vya kila asubuhi vilikuwa ndani ya kikomo. Kila neno lilikuwa la kweli! Hilo ndilo lililonichoma. Usafi wangu wote akaugeuza kuwa pazia lake.

"Saini."

"Chef, zile ni namba za baada ya kurekebisha."

"Ziko ndani ya karatasi ama haziko?"

"Ziko."

"Basi saini."

Nilisaini, lakini juu ya jina langu nikaongeza: baada ya kurekebisha, namba za kabla hazikuandikwa.

"Futa ile."

"Hapana, Chef."

"Maji ulimimina weye!"

"Ndiyo. Nayo nitaiandika." Nikaandika, na aliyetoa amri pia.

Barua niliipeleka mimi mwenyewe kwa daktari, naye akasimamisha matibabu saa ileile. Mkuu alitaka Mama Anyesi aambiwe mashine inapumzika. Kesho yake nikamfuata Mama kwenye benchi la korido, nikamwambia yote, maji na kitufe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mi nilikuambia," akasema. "Ukaangalia karatasi. Shingo ilikuwa hapa mbele yako."

Daktari akatuita wote wawili. Alitaka kupanga upya siku zilizobaki, na kwa hilo alihitaji kujua upande ule ulipokea kiasi gani. "Mkondo ulianza kuhama lini?" akaniuliza. Mama Anyesi akanigeukia, naye akingoja jibu.

Mkataba wangu haukuongezwa. Ndiyo kusema nimestaafu, nikiwa na miaka ishirini na tisa tu. Mkuu bado yuko ofisini. Mkiingia kazini, andikeni namba mbaya kwanza, jinsi mlivyoikuta, ndipo mguse kitufe. Wakiwaambia mmechafua karatasi, waacheni wanune.

Daktari nilimjibu "sijui." Akakadiria, kwa kutazama ngozi. Asubuhi zangu zote zilikuwa zimeandikwa, moja baada ya nyingine, bila doa, na hakuna hata moja iliyoweza kumwambia mama yule alichopokea.