Printa Kutoka Soko la Ng'ombe

Mama yangu hakuwahi kunywa chai nyumbani kwangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya printa yangu ya keki hucheka kwanza, na mimi nataka wajue wanacheka nini.

Kwetu magharibi, mama mzazi haingii katika nyumba ya binti yake kabla ng'ombe wa mahari hawajafika kwake. Haingii, hali, hanywi, na akibanwa na haja atatafuta choo cha jirani. Baba alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo ng'ombe hao walikuwa wa mama, yeye aliyenilea kwa kulima mashamba ya watu. Mimi niliolewa miaka ya tisini kwa mtindo wa kuchukuana tu. Tulikutana Athi River, mume wangu akiwa karani katika kiwanda cha saruji, tukakodi chumba kimoja, tukaita hiyo ndoa. Aliahidi kwamba ng'ombe wangeenda Krismasi. Krismasi zikaja zikapita. Tukahamia Kitengela wakati nyumbu bado walikuwa wakilala nyuma ya ploti zetu, tukajenga, tukazaa, na kila nilipomkumbusha alinijibu kwamba mahari huwa haimalizwi. Ni kweli haimalizwi. Lakini kutomaliza si sawa na kutoanza, na mtu mzima anajua tofauti.

Mama alikuja mara moja. Mtoto wangu wa pili alikuwa ametoka hospitali, amekonda hadi macho yamebaki peke yake, na mama akapanda basi na kuku wake na ndizi zake mpaka Kitengela. Alifika langoni akasimama.

"Ingia, mama," nikamwambia. "Huku hakuna mtu wa kwetu wa kukuona."

"Mimi nitajiona," akasema. "Niletee mtoto hapa nje nimshike."

Nilimletea. Alimshika mjukuu wake barabarani, vumbi la malori likimpitia, huku mimi nimesimama ndani ya lango langu mwenyewe kama askari wa zamu. Jirani yangu wa upande wa pili, mama Mmasai aliyekuwa na nyumba ya mabati na mbuzi wachache, akatuona akavuka. "Takwenya, yeyo," akamwamkia mama kwa Kimaasai, na mama akaitikia kama alivyoweza. Nilipoanza kueleza, jirani alinikatiza. Habari za ng'ombe hazikuhitaji tafsiri kwake.

"Kwani hata moja hakuleta?" akaniuliza. "Hata ndama?"

Akachukua begi la mama, wakaenda. Siku zote alizokaa Kitengela, mama alilala kwa jirani, akanywa chai ya jirani, na mimi nilikuwa nikivuka barabara kwenda kumsalimia mzazi wangu kama mgeni. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuoka keki za kuuza, kwa sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa juu. Nikampelekea kipande kizuri, nimekifunika kwa kitambaa. Hakukigusa.

"Unga ni wa nani?" akaniuliza. "Sukari ni ya nani? Siku mwenye hiyo nyumba akinijua, nitakula mpaka nishibe."

Watoto wa jirani ndio waliokila. Niliumia, lakini sikumlaumu, maana heshima ilikuwa ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Siku ile niliapa moyoni kwamba ng'ombe wakifika kwa mama, nitamwokea keki yake mwenyewe, aikate sebuleni kwangu, ameketi kwenye kochi langu.

Miaka ikaenda. Sufuria ikawa oveni ya makaa, oveni ya makaa ikawa ya gesi. Kitengela ikajaa watu na nyumba za ghorofa, nami nikawa napeleka keki za harusi hadi Isinya na Kajiado. Kisha ikaingia fasheni ya picha. Mteja anakuja na picha ya mtoto wake, anataka uso wake juu ya keki, na uso huo uliwe. Mara ya kwanza kuuona uso kama huo, katika duka moja la Nairobi, nilimfikiria mama. Alikuwa na picha moja nzuri, aliyopigwa studio akiwa kijana, amevaa kitambaa cha kichwa na anajizuia kucheka. Nikaiomba, akanitumia ndani ya bahasha. Keki yake ikapata uso wake kabla haijapata ng'ombe.

Mwanzoni nilikuwa nikichapishiwa picha huko Nairobi, lakini karatasi ya sukari inayochapwa picha hiyo haipendi safari. Ilifika Kitengela imepasuka, bwana harusi amegawanyika shingoni. Ndipo nikaamua kutafuta printa yangu, na niseme ukweli, niliichagua ile printa kwa makini kuliko nilivyochagua mume. Niliuliza kila mahali. Mama mmoja anayeuza vifaa vya keki alinipa somo la bure huku akipima icing. Usinunue ile inayochapa kwa moto, alisema, itakuyeyushia sukari ndani. Usinunue ile inayokunja karatasi tumboni, maana karatasi ya sukari haikunjiki. Tafuta inayopokea karatasi kwa nyuma na kuitoa mbele imenyooka. Usiitafute kubwa. Na kuliko yote, iwe mpya, haijawahi kuonja wino wa ofisini hata tone, kwa sababu wino huo hukaa ndani ya vitundu vya kutolea wino na haufuliki.

"Ikishaonja ule," akasema, "hiyo ni ya makaratasi mpaka ife."

Niliipata, ndogo, nyeupe, katika duka moja la mjini. Nilikuwa nikipita kuitazama dirishani. Kisha Sacco ya kiwandani ikampa mume wangu mkopo, na jioni hiyo tukakaa tukakubaliana, ng'ombe kwanza, printa baadaye. Mimi ndiye niliyesema printa ingoje, na yeye akakubali. Kulikuwa na lori la jamaa yake lililoleta mahindi kutoka kwetu na kurudi tupu, na dereva alikubali kubeba ng'ombe. Mume wangu angewanunua Kajiado siku ya soko, wapakiwe, kesho yake wawe kwa mama.

Asubuhi hiyo nilimpigia mama simu.

"Ng'ombe wako wanakuja," nikamwambia.

Akaniuliza, "Wa rangi gani?"

"Bado hajawanunua, mama."

"Haya. Boma nilitengeneza. Vigingi vyote ni vipya."

Alikuwa amelitengeneza boma, mwanamke mzee peke yake. Nilioka siku hiyo nikiimba. Nilitoa picha yake ya studio nikaiegemeza kwenye kopo la unga, nikahesabia keki yake mayai.

Alasiri teksi ikasimama langoni. Mume wangu akashuka, mgongo kwanza, akivuta kitu kikubwa cha kijivu kilichofungwa kwa kamba ya katani. Kamba ya ng'ombe ile, niliijua. Tuliinunua pamoja.

"Mama watoto, leo utanipenda," akasema. "Nimekuletea printa."

Alikuwa amefika sokoni kweli. Aliwaona ng'ombe, akasema ni wembamba kwa sababu ya kiangazi. Akaenda kunywa chai mjini, akakuta mwenye cyber, duka la kompyuta na kuchapa, anafunga biashara na kuuza mashine zake. Na mume wangu, ambaye hawezi kununua ng'ombe bila kumfungua mdomo na kumtazama meno, alinunua mashine bila kuinua kifuniko.

"Na ng'ombe?" nikamuuliza.

"Hii ndiyo ng'ombe. Hii ni ya maziwa. Inatoa picha kubwa kama kalenda! Itazaa ng'ombe wengine, tutampelekea mama yako lori nzima."

"Na lori?"

"Nimewaambia waende tu."

Niliinua kifuniko. Ndani kulikuwa na wino mweusi ulioganda kama masizi ya sufuria. Nikachovya kitambaa majini nikapangusa, kikatoka cheusi, kikatoka cha buluu. Ile mashine ilikuwa imekunywa wino wa vyeti na mitihani ya Kajiado nzima tangu izaliwe.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa mama. "Wamepanda lori?"

"Bado, mama."

"Haya, mwanangu," akasema, na kwa namna alivyosema nilijua kwamba ameelewa. Hakuuliza tena siku hiyo wala siku nyingine.

Mgala muue na haki umpe: mume wangu aliamini amenifanyia jambo. Aliona uso wangu akashangaa kweli. Alichemsha maji, akaosha vitundu vile kwa sindano, akatia wino wa kuliwa, akachapa picha ya mtoto wa mteja aliyekuwa akingoja keki ya birthday. Mtoto akatoka na kivuli cha kijivu mdomoni.

"Hiyo haionekani," akasema.

"Mimi nimeiona. Siwezi kulisha watoto wa watu wino wa cyber."

"Wino ni wino. Mchagua jembe si mkulima."

Nilitaka kumtupia kopo la unga, na ningemtupia kama picha ya mama isingekuwa imeegemea hapo. Nilimwambia kwamba mimi sikuchagua jembe, nilichagua ng'ombe, na kwamba yeye amechukua heshima ya mama yangu akainunulia mzoga wa plastiki. Alitoka nje. Yule mteja nilimpelekea keki isiyo na picha, akaenda kwa mwingine mara iliyofuata, na wenzake wakamfuata. Ile printa ndogo nyeupe sikuinunua kamwe. Mkopo ulikuwa umeliwa, na mshahara ukawa unakatwa kulipia lile dubwana.

Nililifunika kwa kitambaa cha kufuma. Lakini mume wangu si mtu wa kushindwa, akalipatia kazi. Akaanza kuchapisha ratiba za harusi za kanisa, kisha za mazishi. Za mazishi ndizo zilizomshika. Kitengela ilikuwa imejaa watu wa kwetu, na watu wa kwetu hatuziki mtu bila kijitabu chenye picha yake na sifa zake. Akawa hodari. Ng'ombe bado hawakwenda, kwa sababu kila mwezi ulikuwa na shida yake.

Mama alikufa wakati wa masika. Nilipopokea simu, mume wangu alilia kuliko mimi, na sikumwonea huruma. Akachukua ile picha ya studio kutoka jikoni, akakaa na mashine yake siku nzima, na mama akatoka humo, nakala juu ya nakala, kitambaa kichwani, akijizuia kucheka. Picha ilikuwa safi kabisa. Mashine ilikuwa ikifanya kazi iliyoumbiwa.

Nyumbani, baba zangu wadogo walimzuia mume wangu barabarani. Mkwe ambaye hajatoa kitu hawezi kukanyaga matanga ya mama mkwe. Sijui alikopa wapi, lakini kabla ya jua kukaza ng'ombe walifika, wanene, wa rangi nyekundu, wakafungwa kwenye vile vigingi. Vilikuwa vimeshaanza kuoza. Wazee wakampa mume wangu kiti cha mbele, wakamsifu kwamba ni mkwe wa maana, na vijitabu vyake vikapita mkono kwa mkono. Mvua iliponyesha, watu walijifunika navyo vichwani.

Baada ya mazishi niliambiwa njia imefunguka, mama zangu sasa wanaweza kuingia kwangu. Miezi michache baadaye mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, akaja Kitengela. Akapita langoni bila kusimama. Akaketi kwenye kochi, akavua viatu, akanywa chai, akala keki, akaongeza. Ana mdomo kama wa mama, na nilishindwa kumtazama akitafuna. Alipotosheka akaanza kukagua nyumba, akaona pembeni lile dude chini ya kitambaa cha kufuma.

"Na hii ni nini umefunika vizuri hivi?"

"Hiyo ni ng'ombe ya mama," nikamwambia.

Alidhani natania, akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamwongezea chai.